Tulifukia kebo ya umeme Kisondela, tukarudi tukakuta imepandwa migomba

Wakuu nawasalimu wote. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa pembeni humu kwa muda mrefu. Leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi, mnivumilie. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe likizo hii, nimekinakili kutoka kwenye daftari langu ninaloandika kila siku. Chumvi sijaongeza. Hata pale nilipofanya ujinga nimeuacha ulivyo.

Ni binti, niko form three. Kwetu ni Kisondela, ila nasoma Tukuyu mjini na ninaishi Makandana kwa bamdogo, mdogo wake baba. Bamdogo ni fundi umeme mwenye leseni. Nikitoka shule namshikia ngazi, nampangia nyaya, namsomea vipimo. Kazi yenyewe naipenda kuliko ninavyoweza kusema.

Na kusema ndiyo shida yangu kubwa. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, ila sauti inakwama hapa kooni kama kiazi cha moto. Darasani wananiita Kimya. Mnikumbuke hivyo mnaposoma, maana ndiko habari yote iliko.

Sasa twende.

Kisondela kuna kikundi cha akina mama wafugaji, wako kumi na tano. Bibi yangu ni mmojawapo. Gari la mnunuzi wa maziwa linapita asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi yanaondoka, ya jioni yanalala, na yakilala yanaganda. Mtindi umejaa kila nyumba mpaka ndama wanaukataa.

Bibi husema, nami naandika kama anavyotamka, "Ng'ombe wangu anakamuliwa mara mbili, masiwa nauza mara moja."

Basi mwaka huu wakapata bahati. Bwana mifugo akawaambia kuna tangi la kupoozea maziwa, ukiyamimina jioni yanafika asubuhi kama yametoka kwenye chuchu. Ila tangi linataka umeme wa uhakika. Akawapa siku: Alhamisi anakuja na tangi kwenye gari, anakagua umeme. Ukiwa salama analishusha. Usipokuwa salama halishuki, linaendelea na safari kwenda kwa kikundi kimoja cha kule Masoko ambacho kimeshajiandaa.

Mita ya umeme iko kwenye ofisi ya kikundi, juu, kandokando ya barabara. Banda la maziwa wamelijenga chini karibu na kijito, kwenye ubaridi. Katikati ni hatua kama tisini, na zote ni migomba ya bibi yangu.

Mtu atauliza, kwa nini msipitishe waya juu?

Walishapitisha mwaka jana, waya mwembamba kwenye miti. Mgomba mmoja wenye mkungu ukaanguka na upepo, ukaushusha waya wote mpaka kwenye majani ya ng'ombe. Bahati umeme ulikuwa umekatika siku hiyo. Tangu hapo akina mama wakisikia neno waya wanashika vifua.

Kwa hiyo bamdogo akasema tunaufukia, kwa armoured cable.

Kwa asiyeijua: ni kebo nene, ndani kuna nyaya za shaba, halafu imezungushiwa nyuzi za chuma kama mtu aliyevaa deraya, na juu ganda jeusi. Zile nyuzi za chuma lazima ziunganishwe na aithi, ule waya unaopeleka umeme ardhini. Mtu akiitoboa kwa bahati mbaya, umeme unatakiwa ukatike pale pale kabla haujamuumiza. Lakini bamdogo ananifundisha kwamba hiyo ni ngao ya mwisho. Ya kwanza ni kuizika mahali ambapo hakuna mtu ataifikia.

Dukani Tukuyu nako kuna mambo. Siku hizi za soko huria kila kitu kipo, kizuri na cha kudanganya vinakaa rafu moja. Mwenye duka, mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani, alimwambia bamdogo bila kuulizwa, "Fundi, hii ya rahisi usiiguse. Nyuzi zake zinahesabika, kama meno yangu." Akacheka kuonyesha meno. Tukachukua ile nyingine.

Jumatatu mtaro ukachimbwa.

Hapa naomba mnielewe jinsi kwetu tunavyofanya kazi ya pamoja. Mstari unagawanywa kwa ngwe. Kila mama alipewa hatua sita zake. Unachimba ngwe yako, ukimaliza unakaa juu ya rundo la udongo wako unawatazama wenzako. Anayemaliza wa mwisho anaimbiwa. Nyimbo zenyewe siwezi kuziandika humu, moderator atanifungia.

Bamdogo alitoa sheria moja tu. "Mama zangu, uwanjani ningewaambia nusu mita na ushee. Hapa ni shambani, kila mwaka kuna mtu atachimba shimo la mgomba. Nataka mita moja. Isipungue hata kiganja."

"Fundi, unazika kebo au unazika chifu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Lusajo, mwenyekiti. Mama mwenye mwili na sauti yake. Akiita kuku wake, majirani wanaitika.

"Nazika kitu kinachoua watu kikifukuliwa," bamdogo akajibu.

Wakacheka, wakachimba.

Wakati huo mimi nilikuwa bandani na fundi mwashi, kwenye sakafu. Kebo ikifika bandani inapita chini ya sakafu mpaka ukutani, na huko haifukiwi tu kwenye zege. Unalaza bomba nene kwanza, lenye pinda ya taratibu, maana kebo hii haipendi kona kali, ukiikunja kama goti ganda linapasuka ndani na huoni. Ndani ya bomba unaacha kamba, ili baadaye uifunge kwenye kebo na kuivuta.

Kamba niliisahau.

Zege likamwagwa, likaanza kushika, ndipo nikaikuta kamba imo mfukoni mwangu. Niliona dunia imeisha. Bamdogo alinitazama tu, akapasua mwanzi mrefu mwembamba, akausukuma kwenye bomba polepole ukajipinda wenyewe mpaka ukatokea upande wa pili na kamba mgongoni. Hakunigombeza. Ila jioni kwenye daftari niliandika neno KAMBA mistari kumi.

Jumanne ndiyo siku yenyewe.

Usiku mvua ilinyesha, si mnaijua Tukuyu, Juni baridi na manyunyu hayana ratiba. Asubuhi tukakuta maji mtaroni. Bamdogo akakagua mzigo akagundua glands hazimo, zile za kubana ncha za kebo na kushika nyuzi za chuma. Zilibaki Makandana. Akapanda bodaboda kuzifuata.

Kabla hajaondoka akaniita kwa jina langu, "Tumpe, wakimaliza kuchota maji, kagua mtaro wote. Toa mawe yenye ncha. Mchanga usimwagwe mpaka uridhike wewe."

Nikasema, "Mimi?"

Akasema, "Kwani kuna fundi mwingine hapa?" Boda ikaondoka.

Akina mama wakachota maji kwa ndoo. Mimi nikafunga ncha za kebo kwa nailoni na tepu, maana maji yakiingia kwenye ncha yanasafiri ndani na kebo mpya inapimwa kama mbovu. Halafu nikaanza kukagua kwa macho nikiwa juu.

Ngwe ya kwanza safi. Ya bibi yangu safi sana, kuta zimenyooka kama mkate uliokatwa. Nikafika ngwe ya kumi na moja nikasimama.

Ilikuwa fupi. Si kidogo. Chini palikuwa pamesawazishwa vizuri, udongo laini umepigwapigwa, ukipita haraka huoni kitu.

Ilikuwa ngwe ya Mama Mwenyekiti.

Nikarudi nyuma. Nikaenda tena. Nikajaribu kumpigia bamdogo simu, haipatikani. Pale juu wingu lilishashuka kutoka mlimani, na mchanga wetu wa mtoni ulikuwa tayari umechekechwa, umejaa kwenye ndoo.

Mama Lusajo akapaza sauti, "Jamani mvua hiyo! Mwageni mchanga, kebo ishuke, tukakamue!"

Ndoo ya kwanza ikainuliwa.

Wakuu, nitawaambia ukweli. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilisimama pale kama mgomba usiozaa. Nikafikiria kunyamaza, na sababu nzuri nilikuwa nazo: ni ngwe moja tu, ni mwenyekiti, ni mkubwa, ameshanibeba mgongoni nikiwa mchanga. Nani mimi?

Halafu nikafikiria shimo la mgomba. Bibi yangu shimo lake linafika juu ya goti. Kwenye ile ngwe, goti ndipo kebo ingelala.

Sauti ikakataa kabisa, basi nikatumia miguu. Nikavua ndala, nikaingia mtaroni.

Nikaanza kutembea kutoka ngwe ya kwanza kuteremka chini. Ukingo wa mtaro ulikuwa kiunoni kwangu. Nikapita ngwe ya pili, ya tatu, kiunoni. Akina mama wakaacha kazi wakanitazama. Mmoja akauliza, "Huyu anatafuta nini?" Hakuna aliyemjibu.

Ngwe ya kumi, kiunoni.

Ngwe ya kumi na moja nikapanda. Kweli kabisa nilipanda, kama mtu anayepanda kibaraza. Ukingo ukawa magotini. Nikasimama pale katikati, nikatazama chini, sikuweza kumtazama mtu.

Mama mmoja akacheka, kile kicheko cha puani, na wengine wakafuata.

"Mnacheka nini?" Mama Lusajo alikuja mbio, mikono kiunoni. "We mtoto, ubwabwa wa shingo haujakutoka, leo unapima kazi ya mama zako?"

Ndipo sauti ikaja. Ilikuja ndogo, ila ilikuja.

"Mama, shikamoo. Sikupimi. Naogopa mtu atachimba hapa."

"Nani achimbe hapa? Si tunajua kuna umeme?"

"Leo tunajua. Mwaka wa tatu tutakuwa tumesahau. Na watoto watakaokuja hawatajua kabisa. Shimo la mgomba linafika hapa." Nikaonyesha goti. "Na kebo itakuwa hapa." Nikaonyesha goti hilo hilo.

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani.

Bibi yangu, ambaye alikuwa amekaa juu ya rundo lake, akasema bila kunyanyuka, "Mwenyekiti, mtoto hajakutukana. Chimba."

Mama Lusajo akaangalia wingu, akaangalia wenzake. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Kuna jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe chini. Kubwa. Jana nililikuta nikachelewa, mkaanza kuandaa wimbo. Nikalifunika."

Wakuu, pale walicheka wote, lakini kicheko kingine, kile cha kumpokea mtu. Maana kila mmoja wao anaujua ule wimbo. Mwenyekiti mzima kuimbiwa mbele ya kikundi, nani angekubali?

Tukafukua. Jiwe kweli, mgongo wa ng'ombe aliyelala. Halivunjiki kwa sururu. Kulipita juu haiwezekani, kulipita chini haiwezekani. Nikakumbuka kebo haitaki kona kali, basi nikachukua kamba na vijiti nikachora pinda pana kulizunguka, kama barabara inavyozunguka kilima. Akina mama watano wakashuka pamoja na mwenyekiti. Manyunyu yakaanza, hakuna aliyetoka. Ndani ya saa moja hivi pinda ikawa tayari, kiunoni.

Bamdogo alirudi akakuta tumelowa kama vyura. Akaingia mtaroni, akatembea mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye pinda akauliza, "Nani kachora hii?"

Mama Lusajo akajibu kabla yangu. "Fundi wako mdogo. Nusura anichape."

Tukalaza kebo. Hii mafundi wengi wanaiharibu, wanaiburuta juu ya mawe mpaka ganda linachubuka. Sisi tuliweka mchanga kwanza, kiganja kizima. Halafu akina mama wote wakasimama kando ya mtaro, kila mmoja kwenye ngwe yake, wakapokezana kebo mkono kwa mkono kutoka kwenye drum, lile gurudumu la mbao ilikoviringishwa, iliyokuwa inazunguka juu ya bomba. Haikugusa jiwe hata moja. Waliimba, na safari hii wimbo ulikuwa wa kanisani.

Kabla ya kufukia tukapima. Bamdogo ana kipimo cha zamani cha kuzungusha kwa mkono, kinaonyesha kama umeme unavuja kati ya nyaya. Nikazungusha mimi. Sindano ikaenda mpaka mwisho wa upande mzuri, ikalala huko. Safi.

Nikapima na kuchora ramani ya mtaro mzima: umbali kutoka kona ya ofisi, kutoka kona ya banda, na pinda ilipo. Hii mkiifanya itawasaidia siku moja, msiseme sikuwaambia.

Halafu mchanga tena juu, halafu matofali ya kuchoma yaliyopangwa yakigusana, udongo, tepu ya njano yenye alama ya radi, udongo wa mwisho.

"Mchanga, tofali, utepe," mama mmoja akasema. "Imebaki mchungaji tu."

Bamdogo akawaonyesha tepu. "Mama zangu, siku yoyote mkichimba mkaikuta hii, mnafanyaje?"

"Tunasimama!" wakajibu kwa pamoja.

Nilienda kulala nikiwa na furaha ambayo sikujua niiandikeje.

Jumatano hatukuwepo. Sasa, Alhamisi.

Tumefika asubuhi na bamdogo, tumebeba main switch, tumalizie kuunga na zile glands. Tukapita nyuma ya ofisi. Bamdogo akasimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni.

Mtaro wetu wote ulikuwa umepandwa migomba.

Yaani machipukizi, mstari mmoja ulionyooka, kutoka ofisini mpaka bandani, na pale kwenye jiwe mstari ukapinda vizuri kabisa kufuata pinda yangu. Umewekewa na samadi. Ulikuwa mstari mzuri kuliko shamba la mfano.

Wenyewe walikuwa wamesimama pale wametabasamu. Walikuwa wametuandalia surprise.

Mmoja akamwamkia kwa Kinyakyusa, "Fundi, ugonile! Umeona? Udongo umechimbwa mita nzima, umelainika, uachwe bure? Mungu asingetusamehe."

Bamdogo alikaa chini. Alikaa kwenye majani yenye umande, suruali na yote.

Nawaambia wakuu, hili kosa lisingetokea kwingine. Mahali pengine mtu angepita juu ya mtaro akaendelea na safari. Mnyakyusa akiona udongo uliotifuliwa, mkono unawasha. Na sisi tuliwatifulia wakulima kumi na tano hatua tisini za bure.

"Si tuliwaambia tepu?" bamdogo akauliza.

"Tulisimama! Tulipoikuta tepu tulisimama, tukapanda hapo hapo juu yake."

Na ni kweli, kila mmoja alisimama. Yaani somo walilielewa, wakalitumia kama kipimo cha shimo.

Wakati huo gari la bwana mifugo likasikika linapanda. Tangi linang'aa nyuma yake.

Akashuka, kijana tu, mpole, ana karatasi yake. Akautazama mstari wa migomba, akautazama mchoro wangu ambao bamdogo alimpa. Akauliza taratibu, "Kebo iko chini ya hii migomba?"

"Ndiyo," bamdogo akajibu.

"Kuna aliyechimba kupita tepu?"

Mtu angeweza kudanganya pale. Tangi lilikuwa hatua chache tu, limefungwa kamba, na Masoko si mbali. Bibi yangu alikuwa ameshika upindo wa khanga yake kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema Mama Lusajo.

Watu wote wakageuka.

"Tepu niliisukuma pembeni. Chipukizi langu lilikuwa kubwa, nikataka shimo la heshima. Chepe likashuka likalia ngaa! Tofali. Hapo nikasimama mwenyewe. Nikajua." Akanigeukia. "Kwenye ngwe yangu. Pale pale. Kama ningeacha nilivyochimba mwanzo, chepe lisingelia tofali, lingeishia kwenye kebo."

Nikamwinulia uso, na kwa mara ya kwanza sikuona aibu kumtazama.

Bwana mifugo akataka kuona. Mama Lusajo akafukua chipukizi lake mwenyewe. Matofali yote yalikuwa mazima, moja tu lina mchubuko mweupe wa chepe. Chini yake mchanga haujasogea. Bamdogo akaleta kipimo, nikazungusha.

Sindano ikaenda mpaka mwisho ikalala.

"Kebo ni nzima," akasema bwana mifugo. "Lakini siwezi kusaini wakati juu yake kuna kitu kitakacholimwa kila msimu. Migomba iondoke."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwetu kung'oa mgomba wa mtu si jambo dogo. Zamani mtu akifukuzwa kijijini, migomba yake ndiyo inakatwa. Bamdogo asingeweza kugusa hata mmoja. Bwana mifugo naye alijua, ndiyo maana alisema akiangalia karatasi. Akina mama wakaanza kunung'unika. Udongo mzuri vile ukae wazi, uote magugu?

Nikasikia mtu anasema, "Tupande majani ya ng'ombe."

Nilikuwa mimi.

Wakanitazama, nikaendelea kwa sababu kurudi nyuma kulikuwa kumeshindikana. "Yale mafupi yanayotambaa. Hayana shimo, unachomeka kwa mkono. Na kuvuna ni kwa mundu, halihitajiki jembe. Udongo haukai bure, ng'ombe wanakula, na hapa hapachimbwi tena."

Bwana mifugo akaanza kuandika kitu kwenye karatasi yake. Bibi yangu akacheka, akasema, "Ndaga fijo, mjukuu wangu," yaani ahsante sana, na akaenda kung'oa chipukizi lake la kwanza kwa mkono wake.

Kila mama akang'oa la kwake. Wakayahamishia pembeni, mbali na mtaro, kwenye mstari mwingine. Hakuna aliyefukuzwa popote.

Tukaunga glands pande zote mbili, nyuzi za chuma zikaenda kwenye aithi, tukaziba midomo ya bomba chini ya sakafu ili panya na maji wasipate njia. Bwana mifugo akakagua kila kitu. Akasaini akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa dereva wake.

Tangi likashushwa na watu wanane.

Bamdogo aliposhika main switch, Mama Lusajo akamzuia. "Wewe toka. Awashe yeye."

Nikawasha. Tangi likakoroma, likatulia, likaanza kunguruma taratibu kama paka. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani Tukuyu mjini walivisikia.

Jioni bibi alikuwa wa kwanza kumimina. Asubuhi yake gari la mnunuzi lilipokuja, alishika kikombe akateka kutoka kwenye tangi, akaonja, akampa dereva, akanipa na mimi. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Maziwa ya jioni, asubuhi!

Wakuu, nimalizie na nilichojifunza.

Kwa wanaotaka ufundi: chimba kwa kina kulingana na kazi inayofanyika juu ya ardhi hiyo, usifuate urahisi wako. Mchanga chini na juu. Usiiburute, usiikunje kali. Chini ya sakafu ipite kwenye bomba, na KAMBA. Pima kabla ya kufukia na baada. Na ukifukia, amua wewe ni nini kitaota juu, usipoamua wenye majembe wataamua.

La pili ni langu mwenyewe. Mtaro ukishafukiwa, mzuri na mbaya inafanana. Anayejua tofauti ni yule aliyeuona ukiwa wazi. Ukiona kosa, una muda wa kusema mpaka ndoo ya kwanza ya mchanga imwagwe, baada ya hapo utakuwa unaomboleza tu. Sauti ikikataa, ingia na miguu.

Mafundi humu, na wenye uzoefu, nikosoeni. Je, kuna mimea mingine inafaa juu ya kebo? Na nyie mnawafanyaje wateja wanaoona udongo laini wakashindwa kujizuia?

Karibuni. Na kama wewe unayesoma una mtaro wazi kwako saa hizi, weka simu chini, kaingie.